Mhariri, picha bila tarehe si ushahidi, hata wanafunzi wa Lamu washajua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo kuhusu picha, na uniwie radhi nikirefusha manake hili jambo nimekuwa nalo moyoni muda. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lamu na pia mlezi wa klabu ya picha shuleni, na muhula huu klabu imejifunga na mradi mmoja tu, nao ni ushahidi. Mwanafunzi anachagua kitu kimoja kinachobadilika hapa kwetu, anakifuata kwa picha, alafu anazipanga hizo picha mpaka mtu ambae hajawahi kukanyaga Lamu aelewe kimetokea nini na akubali kwamba kweli kimetokea. Kuelewa ni kitu kimoja na kuamini ni kitu kingine, na kazi yote iko hapo katikati, sababu kuna picha unaielewa mara moja, hata inakuliza, na bado ni uongo.

Kilichonisukuma kuandika ni nyinyi watu wa magazeti. Tunafungua gazeti tunakuta picha ya Lamu, chini imeandikwa PICHA/MAKTABA, basi. Maktaba ya lini? Mwisho wa 2023 mvua zilipokuwa kali na barabara ya Garsen kuja huku ikakatika kwa maji, kuna gazeti, silitaji na si lako, lilitoa picha ya basi limezama nusu na ile picha ilikuwa ya mafuriko ya zamani kabisa. Watu wa huku waliijua palepale manake kwa picha barabara ilikuwa bado ya vumbi na siku hizi ina lami. Lakini mtu wa Kisumu ama Eldoret atajuaje? Na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba zile picha za kweli, zilizotumwa na watu waliokwama kule njiani na watoto na mizigo, nazo zikaanza kutiliwa shaka, mtu anaambiwa hiyo ni ya zamani bwana, wakati mwenyewe kasimama ndani ya maji.

Basi nirudi kwa wanafunzi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alichagua punda na takataka. Akaleta picha kali sana, punda kainamisha kichwa karibu na mtaro, mfuko wa nailoni uko mdomoni pake, nyuma unaona ukuta wa matumbawe umebanduka chokaa, jua la asubuhi linapita kwa pembeni. Darasa zima likasema hii ndo ya kwanza ukutani. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza swali moja tu, ule mfuko ulikuwa palepale ama uliusogeza? Kijana akanyamaza kidogo alafu akasema ulikuwa mbali kidogo, aliusukuma kwa mguu ndo uingie kwa picha pamoja na punda. Na punda kweli wanakula nailoni hapa Lamu, kila mwenye punda atakwambia, hakubuni jambo ambalo halipo. Sasa darasa likagawanyika, wengine wanasema ukweli ni ukweli hata akiusogeza, wengine wanasema hapana, akishausogeza hiyo ni picha ya yeye na mguu wake.

Nikawaonyesha kazi ya Muingereza mmoja, Roger Fenton, aliyekwenda na kamera vita vya Crimea mwaka 1855. Kuna picha zake mbili za bonde lilelile, kamera imesimama palepale. Kwa moja barabara ni tupu na risasi za mizinga, yaani zile za mviringo za chuma, ziko pembeni mtaroni. Kwa nyengine risasi zimetapakaa juu ya barabara, na hiyo ndo inayotisha. Watu walibishana miaka na miaka ipi ilipigwa kwanza, mpaka zikaangaliwa kwa makini vijiwe vidogo vya kando ya kilima, ikaonekana kwenye ile picha ya risasi barabarani vile vijiwe vimeteremka chini kidogo kuliko kwa ile nyengine. Jiwe haliwezi kupanda mlima lenyewe, kwa hivo barabara tupu ilikuja kwanza na risasi zikaletwa juu yake baadae. Nani aliziweka na kwa nini, hilo picha hazisemi. Nilichopenda ni kwamba wanafunzi waliacha kumlaumu Fenton wakaanza kutafuta vijiwe kwenye picha zao wenyewe, kivuli kiko wapi, bendera inapepea upande gani, kusi ama kaskazi, kile chombo pale nyuma mbona kwa picha ya pili hakipo.

Yule kijana akarudi kwa punda wake, safari hii hagusi kitu, anaanza mbali ili mahali pajulikane, anakuja kati, anamaliza karibu. Picha alizoleta hazikuwa nzuri kama ile ya kwanza, kwa moja punda kageuka unaona mgongo na soji tu, yaani tandiko la mizigo, lakini zote zinashikana na hakuna swali utamuuliza akakosa jibu. Hizo ndo tumezichagua.

Sasa hili la bahari ndo limenifundisha zaidi mimi mwenyewe kama mwalimu, naomba nilieleze vizuri. Msichana mmoja alichagua ufuo unavyoliwa na maji upande wa kwenda Shela. Ana picha mbili, ya kwanza Januari, maji yako mbali na mchanga umetandaa, ya pili Machi, maji yamekuja juu kabisa na mnazi mizizi yake iko nje inaning'inia. Ukizitia pamoja unasema kwisha, bahari imekula. Tulikuwa tumemualika mzee mmoja mvuvi aje akae na klabu, akazishika zile picha akauliza, mwanangu, hii ulipiga mwezi ngapi? Akajibiwa Januari. Mzee akasema siulizi Januari, nauliza mwezi wa juu, ulikuwa mwezi ngapi? Msichana hakujua, na mimi sikujua, na hakuna aliyekuwa ameandika.

Mzee akawaeleza pole pole vile anavyowaeleza wajukuu zake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na zinazofuatia ni bamvua, maji yanajaa mpaka juu na yakipwa yanakwenda mbali. Katikati hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Huku kwetu bamvua inaweza kuwa na tofauti ya mita 3 hivi kati ya kujaa na kupwa. Kwa hivo hizo picha mbili, akasema, mngeweza kuzipiga siku moja, moja asubuhi na nyengine baada ya masaa sita, na ufuo ukawa haujaliwa hata chembe.

Msichana alikuwa karibu alie. Alafu mzee akaweka kidole juu ya mizizi ya mnazi, akasema lakini hii, hii haina bamvua wala maji mafu, mizizi haitoki nje kwa siku moja. Yaani ushahidi alikuwa nao kwa picha tangu mwanzo, ila yeye alikuwa anaangalia maji. Na ile picha ya Januari mnazi haukuwemo kabisa, kamera ilielekea upande mwengine. Sasa hivi huyo msichana ana pahala pake pa kusimama, pembe ya ukuta mmoja kapatia alama ya chaki, kila akienda anasimama hapo hapo, mnazi uko ndani ya picha, mtungi wa lita 20 unawekwa chini ya mizizi ili ukubwa ujulikane, anapima kwa rula kutoka mzizi wa chini mpaka mchangani, na kwenye daftari anaandika tarehe ya kizungu, tarehe ya mwezi, saa, na maji yanajaa ama yanapwa. Atachukua muda mrefu kabla apate kusema chochote cha uhakika, na yeye mwenyewe ndo kasema hivo, si mimi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto wa shule. Hapa Lamu si mambo ya watoto. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kesi ya wavuvi wa huku kuhusu ujenzi wa bandari mpya, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ya namna hii inasimama juu ya swali moja, kulikuwaje kabla? Mlango wa bahari wanamopita wavuvi ulikuwa wapi, samaki walikuwa wapi, mikoko ilifika wapi. Na Lamu ndo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ikiondoka pahala leo, miaka ishirini ijayo nani ataonyesha kwamba ilikuwepo? Wazee watasema na wasikilizwe, lakini wazee wanakwenda zao. Kijana anaepiga picha ya mkoko leo na kuandika sawasawa anaweka ile kabla ambayo mtu ataihitaji, hajui nani wala lini.

Maelezo ya chini ya picha ndo pahala nilipigana nao sana. Mwanzo wanaandika Uchafu Lamu, ama Maisha ni Magumu, ama Bahari Yalia. Hayo ni maneno ya kumvuta mtu, hayana pa kushika. Sasa mmoja ameandika hivi, Mtaro wa nyuma ya soko, Jumanne, saa moja asubuhi, maji yamekupwa, mpigaji kasimama kwenye ngazi anaelekea baharini. Ukisoma hivyo unaweza kwenda mwenyewe ukahakikisha, na ukihakikisha ndo unaanza kumsikiliza anachotaka kukwambia.

Nikawapa mfano mzito, na niliwatahadharisha kabla sijaonyesha. Ni picha ya 1904 kutoka Kongo wakati ni mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kaipiga Alice Seeley Harris, mmishonari wa Kiingereza. Baba mmoja amekaa chini, mikono mapajani, anaangalia vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake, nyuma kuna watu wawili wanatazama. Hakuna damu inayomwagika, hakuna kelele, ukiipita haraka hujui ni nini. Maelezo ndo yanakwambia, huyu anaitwa Nsala, wa Wala, na hivyo viwili ni mkono na mguu wa binti yake Boali wa miaka 5, aliyeuliwa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha hii na nyengine zilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na Marekani kwa taa ya kuangaza ukutani, watu wakapata kuona kile walichokuwa wanaambiwa ni porojo za wamishonari, na kufikia 1908 Leopold ikabidi aachie Kongo. Picha peke yake haikufanya hayo, kulikuwa na ripoti na watu wengi waliosimama. Lakini jina la baba, jina la mtoto, pahala, kampuni, hayo ndo yaliyoifanya isiweze kukanwa. Wanafunzi walikaa kimya muda mrefu. Kisha mmoja akauliza, Nsala aliambiwa picha itakwenda wapi? Nikawaacha na hilo swali wiki nzima.

Manake sisi wa Lamu tunalijua kutoka upande wa pili. Wageni wanatupiga picha kila siku, mama wa watu anapita na buibui lake anakwenda sokoni, kamera imeshamfika usoni. Kumpiga mtu picha ni kama kuingia kwake, unabisha hodi na unangoja dakani, pale barazani mlangoni, mpaka ukaribishwe, na usipokaribishwa unarudi. Klabu yetu imeshika hilo. Mtu mzima anaombwa na anaambiwa picha itawekwa wapi, mtoto haingii kwenye picha mpaka mzazi akubali, na sheria ya kulinda data ya 2019 pia inataka ridhaa ya mzazi kwa mambo ya mtoto. Kukataa hakuulizwi sababu.

Na kuna hatari ambayo kijana mwenye simu haifikirii. Soweto kule Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, Sam Nzima alipiga picha ya Mbuyisa Makhubo kambeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi, dada yake Hector anakimbia pembeni. Nzima akaificha filamu ndani ya soksi ndo ikaokoka kwa polisi, na dunia ikaona. Huyo Makhubo, kijana tu aliyemsaidia mwenzake, ikabidi akimbie nchi na hakurudi tena kwao. Nataka wanafunzi wangu wajue yote mawili, namna ya kulinda ile filamu na namna ya kumlinda aliye ndani yake.

Soksi ya siku hizi ni faili la kwanza. Hapa watu wengi wanaharibu bila kujua, unapiga picha kwa simu, ina tarehe ndani, pengine na mahali, alafu unaituma WhatsApp vivi hivi kama picha, inabanwa na zile taarifa za ndani zinaondoka. Ukiituma kama dokumenti inabaki nzima. Kwa hivo sisi faili la kwanza linahamishwa kwenye fleshi mbili, haliguswi, ukitaka kukata ama kuongeza mwanga unafanya kwa nakala. Sheria yetu ya Ushahidi nayo, kifungu cha 78A na 106B, inaangalia hayo hayo, imetengenezwa vipi, imehifadhiwa vipi, nani aliyeitoa, na kuna cheti cha kutiwa sahihi. Sijawafanya mawakili, ila daftari letu la picha tumelipanga kwa kufuata maswali hayo.

Kuna mzazi aliniuliza, na hii akili unde inayotengeneza picha kutoka hewani, si imeshamaliza habari yote ya ushahidi? Nikamkumbusha studio ya Bakor hapa hapa Lamu. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa fundi wa kukata picha na kuziunganisha, anakuweka pahala hujawahi kufika, anakupamba vile unavyotaka, na watu waliipenda kazi yake na bado inathaminiwa. Hakumdanganya mtu, mteja anajua, fundi anajua, anaetundikiwa ukutani anajua. Ubaya unaanza pale picha iliyoungwa inapopelekwa kwa watu kama jambo lililotokea. Klabu haikatazi mwanafunzi kuunga picha, anaunga na anaandika chini kwamba imeungwa, na haiingii kwenye mradi huu wa ushahidi. Na kwa zile za akili unde, mwenye daftari, faili la kwanza, picha tatu za pahala pamoja na mtu aliyekuwepo wa kuulizwa, bado ana kitu ambacho mashine haina.

Sasa ombi langu kwako Mhariri. Picha zako ziandikwe tarehe, pahala na jina la aliepiga, na ikiwa ni ya maktaba sema ni ya mwaka gani, nafasi inayohitajika ni maneno matano tu. Na nyinyi walimu wakuu wenzetu mnaosoma hapa, najua simu haziruhusiwi shuleni na sababu zake nazielewa, lakini simu mbili za klabu zikikaa ofisini kwa mwalimu na kutoka siku ya klabu pekee hazitamharibu mtoto, na sasa wanafunzi wa sekondari pevu wana somo la kuhudumia jamii, wakitafuta cha kufanya basi hichi hapa, mtaro uko, ufuo uko, kisima kiko. Afisi za kaunti nazo zikiletewa hizo picha na watoto zizipokee na kuweka muhuri wa siku zilipopokelewa, hata kama hazina jibu siku hiyo.

Mwisho wa muhula tutazibandika picha shuleni siku ya wazazi, kila moja na maelezo yake na daftari wazi mezani. Ningependa utume mtu mmoja kutoka dawati lako la picha aje awabane wanafunzi kwa maswali, awaulize walisimama wapi na kwa nini awaamini, asiwahurumie. Boti ya kutoka Mokowe nitamlipia mimi na pa kulala kwangu papo.

Mwalimu mlezi, klabu ya picha,
Mkomani, Lamu